Jinsi ya Kuuliza Serikali Maswali Isiyoweza Kuyakwepa: Fedha za Umma, Maambukizi Hospitalini na Kodi za Mitaa

"Je, Serikali ina mpango gani wa kukomesha maambukizi katika hospitali zetu?" Anayefuatilia vikao vya bunge anaweza kulijibu swali hili kabla waziri hajasimama. Serikali inatambua umuhimu wa suala hilo, imeendelea kuchukua hatua mbalimbali, na itaendelea kufanya hivyo kadiri fedha zitakavyopatikana. Waziri anaketi, mbunge anashukuru kwa majibu mazuri, na kule wodini hakuna kilichobadilika. Muda wa maswali ni mali ya wananchi, na unapopotea hivi ni wao wanaodhulumiwa.

Mwongozo huu ni wa mbunge, wa msaidizi anayemwandalia maswali, na wa mwananchi anayetaka kumpelekea mwakilishi wake swali lenye meno. Nimeyaweka pamoja matumizi ya fedha, maambukizi ya hospitalini na kodi za serikali za mitaa kwa sababu yameshikana. Kodi inakusanywa, fedha inagawanywa, na mwisho wa safari kuna mgonjwa aliyelazwa kwenye wodi yenye maji au isiyo na maji. Maswali ya mambo yote matatu yanapimwa kwa kipimo kilekile: je, jibu litakalotolewa linaweza kukaguliwa baada ya miezi sita? Kama haliwezi, swali halijaiva.

Hatua ya kwanza: andika jibu kabla ya swali

Chukua karatasi, andika sentensi moja unayotaka waziri aitamke na iingie kwenye kumbukumbu rasmi. Si sentensi ya kumwaibisha, bali yenye taarifa ndani yake. Kwa mfano: "Kati ya fedha zilizoidhinishwa kwa ukarabati wa hospitali za rufaa, zilizotolewa hadi mwisho wa robo ya tatu ni asilimia kadhaa." Ukishaiandika, swali linajitengeneza lenyewe. Ukishindwa kuiandika, ujue bado una malalamiko tu, hujapata swali.

Swali la kwanza linalojulikana kuwekwa kwenye kumbukumbu za bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721 katika Baraza la Malodi. Kampuni ya South Sea, kampuni ya biashara ambayo watu wengi walikuwa wamenunua hisa zake, ilikuwa imeporomoka na kufilisi watu wengi, na mhazini wake, Robert Knight, alikuwa ametoroka nchi. Lodi Cowper alitaka kujua kama ni kweli kwamba mtu huyo amekamatwa huko Brussels. Hakutaka kuelezwa mpango wala mkakati. Alitaja mtu, mahali na tukio, basi. Miaka 300 imepita, na sijaona namna bora zaidi ya kuuliza.

Hatua ya pili: hakikisha unayemuuliza ndiye mwenye jibu

Maswali mengi hufia hapa, hasa yanayohusu kodi za mitaa. Kama kiwango cha ushuru kimepangwa na baraza la madiwani, waziri atasema kwa haki kabisa kwamba hayo ni maamuzi ya halmashauri, na Spika anaweza kulikataa swali hata kabla halijafika mezani. Lakini waziri anawajibika kwa sheria inayoipa halmashauri mamlaka hayo, kwa ruzuku kutoka serikali kuu, kwa kanuni ya kugawa ruzuku hiyo, na kwa usimamizi. Elekeza swali huko. Usiulize kwa nini halmashauri fulani imepandisha ushuru. Uliza ni halmashauri ngapi zimepandisha ushuru tangu ruzuku ilipopunguzwa, na kila moja ilipunguziwa kiasi gani.

Chagua pia aina ya swali. La mdomo linafaa pale unapotaka waziri asimame na abanwe kwa swali la nyongeza. La maandishi ndilo la takwimu, kwa sababu hakuna anayeweza kusoma jedwali la hospitali 50 mbele ya kipaza sauti. Watu hulidharau swali la maandishi kwa kuwa halionekani kwenye televisheni, nami naona ndilo lenye nguvu kuliko yote. Wabunge wanaofanya kazi vizuri huanza nalo, wakapata takwimu, kisha wakasimama na swali la mdomo wakiwa na jibu la serikali yenyewe mkononi. Baadhi ya mabunge yana silaha nzito zaidi. Finland, kwa mfano, wabunge 20 wakitia saini wanaweza kuilazimisha serikali itoe maelezo, kisha bunge likapiga kura ya imani. Soma kanuni za kudumu za bunge lako ujue una nini mkononi.

Hatua ya tatu: fuata fedha kwenye vituo vyake

Fedha ya umma hupita vituo vitatu, na mawaziri hupenda kutaja cha kwanza tu. Kuna iliyoidhinishwa na bunge, kuna iliyotolewa na hazina, na kuna iliyotumika kweli. "Tumetenga" si sawa na "tumetoa", na "tumetoa" si sawa na "jengo limekamilika". Swali la bajeti lisilotaja vituo vyote vitatu linampa waziri nafasi ya kuchagua namba nzuri kuliko zote.

Ongeza cha nne ambacho mara nyingi husahaulika: madeni. Wizara inaweza kuonekana imetumia ndani ya bajeti yake huku ikidaiwa na wasambazaji wa dawa na makandarasi. Uliza malimbikizo ya madai yaliyohakikiwa ni kiasi gani na ya zamani kuliko yote ni ya lini. Umri wa deni hueleza mengi kuliko ukubwa wake.

Kisha jihadhari na neno "imeongezeka". Chukulia bajeti ya afya imepanda kwa asilimia 8. Kama bei zimepanda kwa asilimia 6 na idadi ya watu kwa asilimia 3, ukigawa vizuri utakuta kila mwananchi amepata pungufu kwa takriban asilimia 1 ya alichopata mwaka uliotangulia. Waziri hajasema uongo, ila mwananchi amedanganyika. Kwa hiyo omba takwimu za kila mtu, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, kwa miaka isiyopungua mitano. Mwaka mmoja hauonyeshi mwelekeo wowote.

Ripoti za mdhibiti na mkaguzi mkuu ndizo rafiki yako mkubwa hapa. Kazi hiyo ina mizizi mirefu: Uingereza iliunda Kamati ya Hesabu za Serikali mwaka 1861 chini ya waziri wake wa fedha, William Gladstone, na sheria ya 1866 ikamweka mkaguzi anayeripoti kwa bunge. Nchi nyingi zimerithi mfumo huo, pamoja na desturi ya kumpa mbunge wa upinzani uenyekiti wa kamati. Usipoteze swali kuuliza kilichokwisha andikwa kwenye ripoti. Chukua mapendekezo ya miaka mitatu iliyopita, tafuta yanayojirudia kwa maneno yaleyale, na uulize: pendekezo hili limetolewa mara tatu, ni afisa wa cheo gani aliyepewa jukumu la kulitekeleza, na tarehe ya mwisho ilikuwa ipi? Taja cheo, usitaje jina la mtu. Kanuni nyingi zinakataza majina, na cheo hakihamishwi kituo cha kazi.

Hatua ya nne: maambukizi ya hospitalini, ambako namba hudanganya zaidi

Hapa nitakaa, kwa sababu watu wanakufa kwa ugonjwa ambao hawakuja nao, na maswali yanayoulizwa ni hafifu mno. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilisema kuwa kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za huduma ya dharura na matibabu ya muda mfupi, 7 katika nchi zenye kipato cha juu na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa wodini. Kwa wastani, mmoja kati ya 10 walioambukizwa hufa kwa sababu hiyo. Na ripoti hiyohiyo ilisema asilimia 70 ya maambukizi haya yanaweza kuzuiwa kwa usafi wa mikono na hatua nyingine za gharama nafuu. Sisemi juu ya majanga ya asili. Nasema juu ya sabuni, maji, watumishi na usimamizi, yaani mambo ambayo serikali inayasimamia na inapaswa kuyajibia.

Jambo la kwanza kujifunza ni kwamba idadi tupu haina maana. Chukulia hospitali moja ina maambukizi 40 ya vidonda vya upasuaji na nyingine ina 18. Ya kwanza inaonekana mbaya. Lakini kama ya kwanza ilifanya upasuaji 2,000 na ya pili 300, basi ya kwanza ina maambukizi 2 kwa kila upasuaji 100, na ya pili ina 6. Hospitali ya pili ni hatari mara tatu zaidi, na orodha ya idadi tupu ingeificha kabisa. Daima uliza "kati ya wangapi". Kwa upasuaji, kigawanyo ni idadi ya upasuaji. Kwa mipira ya mkojo na mirija ya mishipani, ni idadi ya siku ambazo wagonjwa walikuwa nayo mwilini. Kwa maambukizi ya wodi kwa jumla, ni siku za vitanda vyenye wagonjwa.

Jambo la pili linawashangaza wengi: namba ndogo inaweza kuwa dalili mbaya. Hospitali isiyo na maabara ya kuotesha vimelea haitagundua maambukizi, na itaripoti sifuri. Inayotafuta kwa bidii ndiyo itakayoonekana na mengi. Ndiyo maana kila swali la maambukizi libebe swali dogo pembeni yake: ni hospitali ngapi kati ya zote zina uwezo wa kupima, na katika mwaka husika zilipima sampuli ngapi? Bila hilo utaisifu hospitali iliyofumba macho.

La tatu ni muda. Ambukizo la kidonda cha upasuaji huhesabiwa kwa siku 30 baada ya upasuaji, na hadi siku 90 kwa baadhi ya upasuaji, ukiwamo wa kuweka kifaa mwilini. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa baada ya siku chache. Kidonda kikianza kutoa usaha akiwa nyumbani siku ya kumi, atakwenda zahanati ya karibu, na hospitali iliyompasua haitajua. Kama ufuatiliaji unaishia mlangoni, sehemu kubwa ya tatizo haimo kwenye hesabu.

Sasa tulirudie swali tulilofungua nalo na kulifuma upya:

"Je, kwa kila hospitali ya rufaa na kwa kila mwaka wa miaka mitatu iliyopita, (a) akina mama wangapi kati ya kila 100 waliojifungua kwa upasuaji walipata ambukizo la kidonda ndani ya siku 30, (b) waliofuatiliwa baada ya kuruhusiwa walikuwa asilimia ngapi, na (c) ni hospitali zipi hazina takwimu hizo?"

Angalia kipengele (c). Kimewekwa makusudi. Waziri akisema takwimu hazikusanywi, hajakwepa, amejibu: ameweka kwenye kumbukumbu kwamba hospitali hizo hazijui zinawaambukiza akina mama wangapi. Hilo ni jibu zito kuliko asilimia yoyote.

Nguvu ya kulinganisha ilionekana Vienna, Austria. Katika hospitali kuu ya mji huo, wodi moja ya uzazi ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Mwaka 1846, katika wodi ya madaktari walikufa akina mama zaidi ya 11 kati ya kila 100. Kwa wakunga hawakufika 3. Daktari Ignaz Semmelweis, aliyefanya kazi hapo, alishikilia tofauti hiyo hadi akaona kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaingia moja kwa moja kuzalisha. Mwaka 1847 aliwaamuru kunawa mikono kwa maji ya klorini, na vifo vilivyokuwa takriban 18 kwa 100 mwezi Aprili vikashuka hadi karibu 2 ndani ya miezi michache. Hakuwa na darubini ya kumwonyesha bakteria. Alikuwa na safu mbili za namba zilizowekwa bega kwa bega. Kwa hiyo omba wodi kwa wodi, hospitali kwa hospitali, kamwe usikubali wastani wa taifa peke yake, kwa maana wastani huzika wodi mbaya.

Jifunze pia ufundi kidogo, usije ukapewa jibu la kuridhisha lisilo sahihi. Mfano mmoja unatosha. Waziri anaweza kujigamba kuwa vitakasa mikono vimesambazwa kila wodi. Lakini mbegu za bakteria Clostridioides difficile, anayesababisha kuhara kukali hasa kwa wazee waliotumia antibiotiki, haziuawi na kileo. Zinahitaji kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Swali lako la nyongeza ni jepesi: ni wodi ngapi kati ya hizo zina maji ya bomba saa 24?

Bakteria huyo ndiye aliyehusika katika Hospitali ya Vale of Leven huko Uskoti. Kati ya Januari 2007 na Desemba 2008 wagonjwa 143 walikutwa naye, na uchunguzi rasmi uliotoa ripoti mwaka 2014 ukaona alihusika katika vifo 34. Milipuko ilipita bila kutambuliwa kama milipuko. Uliza basi: ni nani hospitalini mwenye jukumu la kutangaza mlipuko, na anatakiwa kuutangaza wagonjwa wakifika wangapi?

Shinikizo lenye namba huleta matokeo. Uingereza ilianza kulazimisha hospitali zake kuripoti maambukizi ya damu ya bakteria sugu MRSA mwaka 2001. Mwaka 2004 serikali ikajifunga kuyapunguza kwa nusu ifikapo 2008, na lengo likafikiwa. Kilichotangulia lengo kilikuwa hesabu ya lazima, iliyotangazwa hadharani.

Hatua ya tano: kodi za mitaa

Kodi ya mtaani ina sehemu tatu za kubana: nani anatozwa, anatozwa kwa thamani ya lini, na kinachokusanywa ni kiasi gani kati ya kinachostahili. Wabunge hukimbilia kiwango na kusahau ya tatu. Chukulia halmashauri inastahili kukusanya 100 na inapata 60. Ikipandisha kodi kwa asilimia 10 huku wanaolipa wakipungua hadi asilimia 54, itapata 59.4. Walipaji waaminifu wameumia na halmashauri haikupata kitu. Uliza kiwango cha makusanyo kwa kila halmashauri, misamaha imegharimu kiasi gani, na gharama ya kukusanya ni sehemu gani ya mapato. Kuna ushuru unaokula nusu yake kabla haujafika benki.

Thamani nayo huchakaa. Huko England kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1993, baada ya kodi ya kichwa kuzua ghasia, bado inatumia thamani za nyumba za Aprili 1991. Madaraja yake ni nane. Nyumba ya daraja la juu, iliyothaminiwa zaidi ya pauni 320,000, hulipa mara tatu tu ya nyumba ya daraja la chini, ambalo mwisho wake ni pauni 40,000. Mwenye nyumba ya thamani mara nane analipa mara tatu. Popote ulipo, uliza uthamini wa mwisho ulifanyika mwaka gani, na kaya maskini hulipa sehemu gani ya kipato chake ikilinganishwa na kaya tajiri.

Hatua ya sita: isafishe lugha

Ondoa hoja, ondoa lawama, ondoa "kwa nini Serikali imeshindwa". Kanuni za mabunge mengi zinataka swali liombe taarifa au hatua, lisiwe hotuba, wala lisiguse shauri lililoko mahakamani. Ukiacha neno moja la kejeli, umempa waziri nafasi ya kulijibu neno hilo badala ya swali. Kila swali liwe na kitu kinachopimwa, mahali, kipindi na kigawanyo. Vipengele visizidi vitatu, kwani vikifika vitano waziri atajibu viwili virahisi na muda utakwisha.

Hatua ya saba: andaa maswali ya nyongeza kwa njia tatu

Swali la nyongeza halitungwi papo kwa papo. Andaa la kwanza kwa ajili ya waziri atakayetoa takwimu: "Hospitali iliyo mwisho kwenye orodha hiyo imeongezewa nini tangu takwimu hizi zijulikane?" La pili ni la waziri atakayesema takwimu zinakusanywa: "Zitawekwa mezani tarehe gani?" La tatu ni la atakayesema hakuna tatizo: msomee sentensi ya ripoti ya mkaguzi, taja ukurasa, kisha muulize ipi kati ya kauli hizo mbili ni msimamo wa Serikali. Usianze na "nashukuru kwa majibu mazuri" kama majibu si mazuri. Heshima ya bunge haidai hivyo.

Hatua ya nane: shika daftari

Kila ahadi iandike: tarehe, waziri, maneno kamili, muda aliojiwekea. Muda ukifika, uliza tena kwa maneno yake mwenyewe: "Tarehe fulani Serikali ililiahidi Bunge kwamba... Je, limefanyika?" Waziri akiwa amebadilishwa, ahadi haibadiliki, kwani iliyoahidi ni Serikali. Peleka nakala ya jibu kwa kamati ya hesabu na kamati ya afya, kwa sababu kamati inaweza kumwita katibu mkuu na kumkalisha saa mbili mahali ambapo bungeni ungepata dakika mbili. Wapelekee pia wauguzi na walipakodi wa eneo husika. Wao ndio watakaokwambia kama maji yaliyotajwa kwenye jibu yanatoka kweli bombani.

Na kama jibu halikuwa sahihi, usiishie kulisema kwenye mkutano wa hadhara. Mwandikie Spika, ambatanisha ushahidi, na uombe waziri asahihishe kumbukumbu rasmi. Atakayesoma kumbukumbu hizo miaka kumi baadaye ayakute masahihisho hapohapo penye jibu.